Chanjo na kupunguza mikutano: hesabu ya Goma kwenye Excel

Anza na R0, yaani watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza pasipo kinga yoyote. Kwa mfano, 3. Izidishe kwa (1 − waliochanjwa × nguvu ya chanjo), kisha kwa (1 − mikutano iliyopungua), yaani sehemu ya kukutana kwa watu iliyopunguzwa. Jibu ni watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza sasa: juu ya 1 ugonjwa unapanda, chini ya 1 unashuka. Nusu wakichanjwa na chanjo ikikinga kwa 80%, unapata 3 × 0,6 = 1,8. Punguza mikutano 30%: 1,26, ugonjwa bado unapanda. Punguza 45%: 0,99, unaanza kushuka, ila polepole mno, lenga chini zaidi.

Usihesabu sindano ya leo kama kinga ya leo. Iingize baada ya wiki mbili hivi.

Wastani nao hudanganya: mama muuza samaki wa soko la Kituku hukutana na watu wengi kuliko karani wa mtaa wa Himbi. Mpe safu yake, na umchanje kwanza.