Kabla ya Kununua Mashine ya Kukamua Juisi, Pima Haya Nyumbani Kwako

Mtu akiniuliza kama anunue mashine ya kukamua juisi, mimi humuuliza kwanza anakusudia kunywa juisi ya nini. Wengi hutaja embe, parachichi, ndizi na papai, na hapo habari ya mashine huishia, kwa sababu matunda hayo hayakamuliki. Nyama yake ni laini na nzito, maji yake hayajitengi na nyuzi kwa urahisi, na ukiyatia katika mashine utapata juisi kidogo tu huku sehemu kubwa ya tunda ikienda upande wa machicha. Hiyo ni kazi ya blenda, na baadhi ya nyumba hapa Kisumu zilizo na umeme tayari zina blenda.

Mashine ya kukamua hufaa vitu vigumu vyenye maji mengi, kama vile karoti, bitiruti, matufaha, nanasi, tango na tangawizi. Machungwa na malimau pia hukamulika ndani yake, ila lazima uyamenye kwanza, ilhali kikamulio kidogo cha plastiki cha kuzungusha kwa mkono kingeyamaliza kwa dakika chache. Karakara, au pasheni kama tunavyoziita sokoni, hazihitaji mashine yoyote: kata, kwangua kwa kijiko, mimina kwenye chujio, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mbegu zibaki kavu. Ukitumia blenda kwa pasheni, iwashe kwa sekunde mbili tatu tu, maana mbegu zikisagika huitia juisi ukakasi. Kuhusu miwa, ambayo sisi tunaiona kila mara ikipakiwa kwenye matrekta pande za Muhoroni na Chemelil, usithubutu kuitia katika mashine ya nyumbani, kwa kuwa muwa hukamuliwa kwa magurudumu ya chuma na nyuzi zake zitavunja chochote cha plastiki.

Ikiwa orodha yako imebaki na karoti, bitiruti na tangawizi, basi una sababu ya kuendelea kufikiri, lakini usiende dukani bado. Chukua daftari na ujipe majuma mawili ya kutengeneza juisi hiyo kwa vyombo ulivyo navyo. Kata karoti vipande vidogo, tia kwenye blenda pamoja na nusu kikombe cha maji safi, saga mpaka zilainike, kisha mimina juu ya kitambaa safi cheupe na ukamue kwa mikono. Kila siku andika ulikamua nini, ulitumia kilo ngapi, nani aliyekunywa, na ilichukua muda gani kuanzia kuosha matunda mpaka kuanika kitambaa. Nalisisitiza jambo hili kuliko mengine yote, kwa sababu nimeona mashine nyingi zikifunikwa vumbi juu ya kabati, na kila mara wenyewe walikuwa wamenunua kwa kuipenda juisi waliyoonjeshwa dukani, bila kujua kama watakuwa na hamu ya kuikamua saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumatano. Anayechoka na kitambaa siku ya nne kwa kawaida atachoka na mashine pia. Anayefika siku ya kumi na nne akilalamikia kitambaa tu, huku juisi bado anaitaka, huyo mashine itamfaa.

Daftari hilo litakuonyesha pia gharama ambayo bei ya mashine huificha. Nilipopima nyumbani kwangu, kilo moja ya karoti nzuri zitokazo pande za Nakuru ilinipa juisi isiyofika nusu lita. Maana yake ni kwamba bilauri moja ya mililita 250 hula zaidi ya nusu kilo ya karoti, na familia ya watu watano wanaokunywa bilauri moja kila mmoja itahitaji karibu kilo tatu kwa siku, yaani takriban kilo ishirini kwa juma. Zidisha hizo kwa bei ya Kibuye, soko letu hapa Kisumu, siku ya Jumapili, uone kama mfuko wako utakubali. Kisha gawa bei ya mashine kwa idadi ya siku utakazoitumia. Tuseme ni shilingi 9,000: ukiitumia mara tatu kwa juma kwa miaka miwili, kila matumizi yatakuwa yamekugharimu takriban shilingi 29, ukiitumia mara kumi kisha ukaiacha, kila mara moja ilikugharimu shilingi 900. Umeme usikuhangaishe, kwani mota ya wati 800 ikifanya kazi dakika tano haimalizi hata sehemu ya kumi ya uniti moja ya tokeni.

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza huzungusha kisu na chujio maelfu ya mara kwa dakika, ikarusha juisi pembeni. Ni ya haraka na ya bei nafuu, ila ina kelele, hutoa povu jingi, na huacha machicha yenye unyevu. Ya pili ina skrubu kubwa inayozunguka polepole, pengine chini ya mara mia kwa dakika, ikisindilia matunda mpaka yatoe maji. Machicha yake hutoka makavu zaidi, na hata majani ya mchicha na sukuma wiki huyakamua vizuri, lakini bei yake inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya kwanza. Wauzaji hupenda kusema kwamba mashine ya kasi huua vitamini zote kwa joto. Usilipe maelfu ya ziada kwa hoja hiyo pekee, kwa sababu juisi hupita humo kwa sekunde chache tu na haipati joto la kuipika. Lipa zaidi ikiwa unakamua majani kila mara.

Sasa nizungumzie kuosha, jambo ambalo halitajwi wakati wa kuuza. Chujio la mashine ya kasi lina matundu madogo kama ya sindano, na nyuzi za karoti huingia humo zikajipanga kama nywele kwenye kitana. Ukiliosha papo hapo kwa mswaki mkuukuu, ukisugua kutoka nje kuelekea ndani, litasafika kwa dakika tatu. Ukiliacha mpaka jioni, nyuzi hukauka na kushika kama gundi, na utalazimika kuliloweka usiku kucha. Mahali ambapo maji ya bomba hayatoki kila siku, hesabu pia ndoo ya maji itakayotumika kila asubuhi.

Kuhusu afya, nasema kwa uzito kwa kuwa mamangu anaishi na kisukari, na ni muuguzi wa kliniki aliyemweleza kwamba chungwa alile, asilinywe. Mashine huondoa nyuzi na kuacha sukari, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, liliihesabu sukari ya juisi ya matunda pamoja na ile sukari ambayo watu wanahimizwa kuipunguza. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe juisi kabisa. Na kwa kuwa juisi hii haipikwi, osha matunda kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, jambo ambalo sisi tuishio karibu na ziwa, tunaokijua kipindupindu, hatupaswi kulipuuza. Kisha uinywe mara moja, au uiweke kwenye friji na kuimaliza siku hiyohiyo. Machicha ya karoti usiyatupe, maana yanakandika vizuri pamoja na unga wa chapati, na kuku huyapenda.

Ukifika dukani, omba mashine ifunguliwe vipande vyote mbele yako na uiunganishe tena mwenyewe. Soma kibandiko cha chini uhakikishe inapokea volti 220 hadi 240, kwa sababu zile za volti 110 zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani huungua zikichomekwa kwenye soketi zetu. Uliza kama chujio na vishikio vya kifuniko vinauzwa peke yake, na uonyeshwe, usiambiwe tu. Yangu ya kwanza ilivunjika kishikio kimoja katika mwezi wa nane wa kuitumia. Kipuri hakikupatikana, na kwa kuwa mashine hizi hazikubali kuwaka kifuniko kisipofungwa, mota nzima isiyo na kasoro ikawa haina kazi. Muuzaji akikataa kuifungua, ondoka na pesa zako, pitia Kibuye ununue kilo mbili za karoti na chujio jipya, uendelee kuandika kwenye daftari lako mpaka upate duka jingine.