Jinsi ya kuchagua na kuboresha transiva ya redio ya ridhaa bila kula hasara siku ya kuiuza

Anayenunua transiva yake ya kwanza ya mawimbi mafupi, yaani redio ya kurusha na kupokea ya wapenda redio wenye leseni (wanaredio wa ridhaa), huulizia bei ya dukani, ilhali gharama halisi ya redio hujulikana siku inapouzwa. Chukua mfano wa mtu aliyenunua redio kwa shilingi 2,000,000, akaitumia miaka 5, kisha akaiuza kwa shilingi 1,500,000: mawasiliano yake yote yamemgharimu shilingi 100,000 kwa mwaka. Mwenzake aliyenunua redio ya shilingi 800,000, ambayo baada ya miaka hiyohiyo haina mnunuzi kwa sababu skrini yake imekufa na nyingine haipatikani, ametumia shilingi 160,000 kwa mwaka na amebaki na chuma mezani. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei mbili, linganisha kwanza redio hizo zitakavyokuwa mikononi mwa mnunuzi wa pili.

Maelezo haya yanahusu transiva za mezani na za kubeba zinazofanya kazi kwenye masafa ya HF, yaani mawimbi mafupi. Redio ndogo za mkononi za masafa ya juu zaidi, VHF na UHF, nitaziacha, kwa kuwa nyingi za bei nafuu hupoteza thamani mara zinapotolewa kwenye boksi na hazina nafasi ya kuongezewa chochote cha maana.

Anza na bendi

Jambo la kwanza la kukagua ni bendi, yaani vipande vya masafa, ambazo redio inaweza kurusha. Mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 1979 uliwapa wanaredio wa ridhaa bendi tatu mpya, za 10, 18 na 24 MHz, na redio zilizobuniwa kabla ya hapo, kama Yaesu FT-101 za awali na Kenwood TS-520, hazina bendi hizo. Zinabaki kuwa redio nzuri za kujifunzia, na sauti yake inapendwa hadi leo, lakini mnunuzi anayetaka kuzungumza na dunia nzima kwa redio moja atazipita. Hali kama hiyo inajirudia kwa bendi ya mita 60 (bendi huitwa pia kwa urefu wa wimbi): mkutano wa mwaka 2015 ulitenga masafa ya 5351.5 hadi 5366.5 kHz, na redio nyingi zilizotengenezwa miaka ya nyuma haziwezi kurusha hapo bila kufunguliwa na kubadilishwa. Upungufu wa bendi ni vigumu kuurekebisha baadaye kwa gharama inayoeleweka, kwa hiyo usikubali kuuvumilia isipokuwa umepunguziwa bei ya kutosha.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayevutiwa na redio zilizotumika kutoka Japani anahitaji tahadhari ya ziada. Huko leseni zimegawanywa kwa madaraja ya nguvu, na watengenezaji hutoa matoleo yenye nguvu ndogo ya redio zilezile. Icom IC-7300, kwa mfano, ina toleo la soko la Japani la wati 50 na jingine la wati 10, na sura ya mbele ni ileile. Mipaka ya kurushia nayo imefuata kanuni za Japani, na redio zenye pawa saplai ya ndani zinaweza kuwa zimepangwa kwa umeme wa volti 100. Soma herufi ya mwisho ya jina la toleo kwenye kibati cha nyuma kabla ya kutuma hata senti moja.

Uwezekano wa kutengenezwa ndio unaobeba bei

Nimefuatilia soko hili kwa muda, na naamini kwamba kinachoishikilia thamani ya redio kuliko nembo yake ni uwezekano wa fundi kuitengeneza. Kila toleo maarufu lina ugonjwa wake unaojulikana, na mnunuzi makini huujua kabla ya kufika kwa muuzaji. Mifano mitatu inatosha kuonyesha tofauti kati ya ugonjwa unaotibika na usiotibika.

Kenwood TS-440S ya miaka ya 1980 inajulikana kwa kuonyesha nukta badala ya tarakimu za masafa na kunyamaza kabisa. Chanzo chake mara nyingi ni gundi iliyowekwa kiwandani juu ya vijenzi vya oskileta. Gundi hiyo ikizeeka hubadilika, hupitisha umeme na kula nyaya ndogo. Fundi mwenye subira huikwangua, husafisha bodi, hubadilisha vijenzi vilivyoharibika, na redio hurudi kazini. Redio iliyokwisha kusafishwa hivyo, ikiwa na picha za kazi iliyofanyika, ina thamani kubwa kuliko ile ambayo bado haijaugua, kwa maana ile nyingine itaugua tu.

Icom IC-751 ina tatizo la aina nyingine. Programu inayoiendesha imehifadhiwa kwenye kumbukumbu inayotegemea betri ndogo ya lithiamu. Betri ikiisha, redio husahau kazi yake yote, na kubadilisha betri peke yake hakuirudishi, kwa sababu programu hiyo lazima iandikwe upya au bodi ya kumbukumbu ibadilishwe na ya kisasa. Anayeuza redio hii anapaswa kueleza betri ilibadilishwa mwaka gani na kwa njia gani, naye anayenunua asiridhike na jibu la kwamba inawaka vizuri.

Mfano wa tatu ni Yaesu FT-857, redio ndogo iliyopendwa sana na wasafiri. Skrini zake nyingi hupata mistari, na tarakimu hupotea taratibu. Hapa dawa ni skrini nyingine, na kwa kuwa redio yenyewe imekwisha kuacha kutengenezwa, kila skrini inayofungwa inapunguza akiba iliyobaki. Skrini, kisimbaji (kijenzi kinachosoma mzunguko) cha kitasa kikuu na kichakataji chenye programu ya kiwandani ni vijenzi visivyo na mbadala wa dukani. Transista za kawaida, rilei na kapasita hupatikana, ingawa hata hapo kuna mtego: transista za nguvu zilizoacha kutengenezwa, kama 2SC2879 ya Toshiba, zimejaa nakala bandia sokoni, na fundi akifunga bandia utaona moshi siku ya kwanza ya kurusha kwa nguvu kamili.

Maboresho yanayolipa na yasiyolipa

Nianze na ukweli ambao wengi hawapendi kuusikia: fedha unazoweka ndani ya redio hazirudi zote. Boresha kwa sababu unataka kusikia vizuri zaidi wakati redio ni yako. Kama lengo ni kupandisha bei ya kuuzia, iache ilivyo.

Katika redio za zamani, boresho lenye heshima ni kichujio cha kiwandani. Mtumiaji wa msimbo wa Morse anayefunga kichujio cha 500 Hz kwenye Kenwood au kwenye Yaesu FT-817 husikia tofauti mara moja, kwa sababu kituo jirani kinachomsumbua huondolewa kabla hakijapita hatua za mwisho za kipokezi. FT-817 ina nafasi moja tu ya kichujio cha ziada, na vile vichujio vya kimakanika vya Collins vilivyokusudiwa kwa nafasi hiyo havitengenezwi tena. Matokeo yake ni kwamba kichujio kinatafutwa kama redio yenyewe inavyotafutwa. Ukiwa nacho, pima kama inafaa kukiuza peke yake, kwa kuwa mnunuzi wa redio mara nyingi hayuko tayari kukilipia bei yake kamili. Hifadhi chochote kilichotoka kwenye nafasi hiyo ulipokifunga.

Redio zinazobadilisha mawimbi kuwa tarakimu moja kwa moja zimebadilisha hesabu hii. IC-7300 iliyotoka mwaka 2016 hukokotoa vichujio vyake kwa programu, kwa hiyo hakuna cha kununua na kuchomeka. Boresho lake ni toleo jipya la programu ya ndani, ambalo mmiliki hulipakua bure, hulinakili kwenye kadi ya SD na kuliingiza mwenyewe. Faida ni kwamba mnunuzi wa pili anapata redio iliyo sawa na za wengine. Hasara ni kwamba siku mtengenezaji anapoacha kutoa matoleo, redio imefikia kikomo chake, na toleo jipya la mashine linapotangazwa bei ya la zamani hushuka pasipo hata ufa mmoja kwenye kasha.

Kampuni ya Elecraft wamefuata njia ya tatu, nami naiona ndiyo iliyo bora kwa mtu anayekusudia kukaa na redio moja muda mrefu. K3 yao ya mwaka 2007 ilijengwa kwa bodi zinazochomolewa na kuchomekwa. K3S ilipotoka mwaka 2015, mwenye K3 hakulazimika kuuza redio yake, bali alinunua baadhi ya bodi mpya, ikiwamo ya kisanisi kinachozalisha masafa, akazifunga mezani kwake kwa bisibisi. KX3 nayo ilibuniwa iweze kununuliwa tupu na kuongezewa tyuna ya antena au vichujio vya mwanzo kadiri mfuko unavyoruhusu. Unapouza redio ya aina hii, andika kila bodi iliyomo, kwa maana redio mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana sana kwa kilichomo ndani.

Tangu Joe Taylor na Steve Franke watoe FT8, njia ya kuwasiliana kwa ujumbe mfupi wa kidijitali kupitia kompyuta, mwaka 2017, wanunuzi wengi wanataka redio inayounganishwa na kompyuta kwa waya mmoja wa USB, wenye sauti na udhibiti pamoja. Redio ya zamani isiyo na njia hiyo unaweza kuiongezea kiunganishi cha nje bila kuifungua, na hili ndilo boresho ninalolipendekeza kwa moyo wote, kwa sababu ni rahisi kulitengeneza, linahama nawe kwenda kwenye redio ijayo, na haliachi alama. Kumbuka tu kwamba FT8 hurusha mfululizo kwa karibu sekunde 13 katika kila kipindi cha sekunde 15 unachorusha, kwa hiyo punguza nguvu hadi wati 30 au pungufu, ama sivyo hatua ya mwisho itachemka na kufupisha maisha yake.

Kinachoshusha thamani bila huruma ni tundu lililotobolewa kwenye kasha, plagi ya kipaza sauti iliyobadilishwa, na lehemu ya mtu asiye na uzoefu. Diodi iliyokatwa ili redio irushe nje ya bendi za ridhaa nayo huwatia shaka wanunuzi makini, na katika nchi zetu inaweza kukuingiza matatani na TCRA (mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania) au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kwa redio za kale za wakusanyaji kanuni ni kali zaidi. Vifaa vya Collins vya S-Line na KWM-2 hutofautishwa hata kwa nembo, na zile za nembo ya duara, zilizotengenezwa baadaye, hulipiwa zaidi kuliko za nembo yenye mabawa. Fikiria basi mkusanyaji wa namna hiyo atasema nini akikuta rangi mpya.

Kukagua kabla ya kulipa

Nenda na mzigo bandia wa omu 50 (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena), mita ya nguvu na pawa saplai ya volti 13.8 inayoweza kutoa ampea 25. Rusha kwenye kila bendi, usiridhike na bendi moja. Redio ya wati 100 inayotoa wati 95 kwenye mita 40 na wati 30 kwenye mita 10 ina ugonjwa katika hatua za nguvu au katika vichujio vya kutokea. Sikiliza kituo kinachorusha saa sahihi, WWV cha Marekani au BPM cha China, kwenye 10 MHz, uone kama masafa yanasomeka sawasawa baada ya redio kupata joto. Zungusha kila kitasa taratibu, bonyeza kila kitufe, zima na kuwasha uone kama kumbukumbu zimebaki.

Redio iliyoishi Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam lazima ifunguliwe mfuniko. Hewa ya chumvi hushambulia kwanza vichwa vya skrubu, kisha soketi ya antena, kisha miguu ya vijenzi. Kutu ya kijani kwenye bodi ni sababu tosha ya kuondoka. Linganisha pia namba ya utambulisho kwenye kibati na ile iliyo kwenye risiti au boksi.

Siku ya kuuza

Maandalizi ya kuuza huanza siku ya kununua. Tunza boksi na sponji zake, kipaza sauti cha asili, waya wa umeme, kitabu cha maelekezo na risiti. Niliwahi kutupa boksi la redio kwa sababu ya nafasi nyumbani. Nilipoiuza kwa mtu wa mkoa mwingine nilihangaika siku nzima kutengeneza kifungashio, na bado kitasa kikuu kilifika kimepinda, nikalazimika kumrudishia mnunuzi sehemu ya fedha zake.

Tangaza kasoro zote, hata mkwaruzo, kwa picha zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana na redio ikiwa imewashwa. Rudisha vijenzi vya asili kama ulibadilisha chochote, kisha uza nyongeza zako kando. Mnunuzi akifika, mwonyeshe redio ikirusha kwenye mzigo bandia katika kila bendi, futa kumbukumbu zako, hakikisha ana leseni inayomruhusu kumiliki transiva, na muandikishane hati yenye tarehe, namba ya utambulisho na orodha ya kila kilichomo ndani ya boksi, kila mmoja abaki na nakala yake.