Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza mchezo wa masimulizi barazani Lamu

Mchezo wa masimulizi wa mezani, ambao maarufu zaidi ni Dungeons & Dragons uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, huhitaji msimulizi mmoja, wachezaji watatu hadi watano, karatasi, kalamu na dadu. Msimulizi hueleza hali, mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, na pale ambapo matokeo hayajulikani dadu ndiyo huamua. Kwa anayeanza Lamu na wachezaji ambao hawajawahi kuuona mchezo huu, kanuni fupi za wanaoanza zinatosha kwa miezi kadhaa. Kosa ninalolihofia zaidi ni la msimulizi anayechora ramani ya dunia nzima kwa majuma mawili ilhali hajatayarisha saa ya kwanza ya mchezo.

Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons zimewekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons, kwa hiyo inaruhusiwa kuzipakua na kuzitafsiri bila malipo, mradi chanzo chake kitajwe. Tafsiri hiyo ifanywe mapema, kwa maandishi, kwa sababu msimulizi anayetafuta maneno katikati ya pambano huwachosha wachezaji wake. Sifa sita za mhusika naziita Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Haiba, na kila mchezaji hugawa alama 15, 14, 13, 12, 10 na 8 kati ya hizo. Mhusika anayetumia elimu ya siri namwita mjuzi wala si mchawi, kwani kwetu uchawi ni shutuma nzito, na kijana hatafurahi kurudi nyumbani na karatasi inayomtaja kwa jina hilo.

Ili kujipima kama kanuni umezielewa, chukua kisa ambacho kila mtu wa pwani hii amekisikia na ukipitishe ndani ya kanuni hizo ukiwa peke yako. Mtazame Fumo Liongo gerezani, mama yake akimpelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani, na watu nje wakipiga ngoma na kuimba ili mlio wa tupa usisikike. Saada, kijakazi aliyetumwa na mama huyo, anapowapita walinzi na mkate ule, kinachopimwa ni Haiba yake. Liongo anapokereza pingu kwa siri ni Wepesi, na kama angeamua kuzivunja kwa mikono ingekuwa Nguvu. Msimulizi huweka namba ya kufikia, 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la wastani na 20 kwa gumu, kisha mchezaji hurusha dadu ya nyuso 20 na kuongeza nyongeza ya sifa yake. Mwenye alama 15 ana nyongeza ya 2, kwa hiyo akitakiwa kufikia 15 lazima dadu itoe 13 au zaidi, yaani asilimia 40. Zile ngoma ndizo zinazompa fursa: anarusha mara mbili na kuchukua namba kubwa, na nafasi yake hupanda hadi asilimia 64. Ukiweza kukieleza kisa hiki kwa namna hiyo bila kufungua karatasi, uko tayari kuwaita watu.

Dadu yenyewe si rahisi kuipata madukani kwetu. Wengine hujaribu kuungaunga dadu za kawaida, lakini dadu mbili zikijumlishwa hutoa 7 kwa njia sita kati ya 36 na 12 kwa njia moja tu, na hesabu niliyoieleza huharibika yote. Afadhali kuandika namba 1 hadi 20 ndani ya vizibo vya soda vinavyolingana, kuvitia katika mfuko na kuchomoa kimoja bila kutazama, kwa sharti kwamba kirudishwe na mfuko utikiswe kabla ya zamu nyingine.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni mazungumzo ya kabla, na wachezaji wakiwa wadogo, wazazi wao nao wahusishwe. Jini na pepo kwa watu wengi hapa si viumbe wa hadithi, na pengine mmoja wa wachezaji ana mgonjwa nyumbani anayesomewa. Ulizeni waziwazi kipi kisiingie mchezoni, mkiandike, na asitakiwe mtu kutoa sababu. Kuhani, ambaye katika kanuni hizo hupewa uwezo na miungu ya kubuni, anaweza kugeuzwa tabibu bila kuharibu hesabu hata moja. Vivyo hivyo kwa mahali: magofu ya Takwa kule Manda yanavutia mno kwa ukuta wake na mji uliohamwa, lakini watu wa Shela bado huzuru kaburi lake la mnara kwa dua. Azima umbo la mji, ubadilishe jina na kisiwa, na kaburi usiliguse.

Kuhusu wakati, kati ya sala ya Alasiri na Magharibi kuna muda wa takriban saa mbili na nusu, nao unatosha. Anayetoka ng'ambo aulizwe kwanza kuhusu boti ya kurudi.

Kikao cha kwanza kiwe na tukio moja lililo wazi, kwa mfano jahazi lililokwama fungu wakati wa maji kupwa huku nahodha haonekani. Vita viwe vidogo: mjuzi wa ngazi ya kwanza asiye na nyongeza ya Ustahimilivu ana pointi 6 tu za uhai, na goblini mmoja, kiumbe mdogo mkorofi wa mchezo huu, akimpata kwa upanga humpunguzia 3 hadi 8, kwa hiyo pigo moja linaweza kumlaza. Goblini wawili dhidi ya wachezaji wanne wanatosha. Wahusika watayarishwe kabla, wazidi idadi ya wachezaji kwa mmoja au wawili, ili atakayepita barazani na kuvutiwa apewe karatasi na nafasi ya kukaa.