Jinsi ya kumchagulia binti jina la asili la Scotland

Kabla hujafungua listi yoyote ya majina anza na bibi zake mtoto, maana zamani Scotland ilikuwa kawaida binti wa kwanza arithi jina la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba, wa tatu la mama mwenyewe (karibu kama Wakikuyu, ila wao wanaanzia upande wa baba). So piga simu kwa wazee, uliza majina ya wanawake wote wa ukoo uandike, mara nyingi jina zuri liko hapo hapo.

Kama hujapenda hata moja, angalia ya Kigaeli, lugha ya zamani ya Scotland. Mi naona ndo matamu kuliko yote ila maandishi yake yanachanganya sana: Eilidh linatamkwa Eili, Catriona ni Katrina, Isla ni Aila, hiyo s haisikiki kabisa. Mhairi linatamkwa Vari, na limetoka kwa Mairi, yaani Maria, ni vile jina linavyobadilika ukimwita mtu, watu wakazoea likawa jina kamili. Ukitaka yasiyosumbua kuna Kirsty na Elspeth, au Iona, kile kisiwa cha Scotland alichofikia Mtakatifu Columba, mmonaki aliyeeneza Ukristo huko, mwaka 563.

Halafu liite kwa sauti pamoja na jina la ukoo, kama vile unamwita aje kula, mara kadhaa, siku kadhaa. Ila kama mnazalia kule Scotland msichelewe sana, kusajili mtoto ni ndani ya siku 21.