Somo: Vifaa vya mkono vya kutengenezea gari nyumbani, tangu kununua hadi kupanga

Salaam jamaa. Somo hili ni la mwenye gari moja uani anayetaka kumwaga oili mwenyewe, kubadilisha plagi, padi za breki na betri, bila ya kwenda gereji kwa kila jambo. Kufungua injini au giaboksi hakumo humu. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye karakana yake.

Ninalotaka mlishike ni hili: kazi ndiyo ichague kifaa, na kazi hiyo hiyo ndiyo ipange sanduku. Mtu akianza kwa seti kubwa ya vipande mia na ushei, vingi havitaguswa, na kwa hewa yetu ya Mombasa kifaa kisichoguswa huota kutu kingali kipya.

Hatua ya kwanza: lijue gari lako kabla ya kwenda dukani

Magari mengi tunayoendesha yameteremshwa hapa hapa bandarini yakitoka Japani: Probox, Vitz, Fielder, Demio, Note. Bolti zake ni za milimita, na Wajapani wana saizi wanazozirudia: 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Ukiwa nazo hizo, sehemu kubwa ya gari inafunguka. Saizi 13, 16 na 18 utazikuta zaidi kwenye magari ya Ulaya kama Volkswagen, kwa hivyo mwenye Vitz asizilipie mwanzo.

Chukua daftari, fungua boneti, uandike kila sehemu unayotarajia kuigusa na saizi yake. Kwa Probox yenye injini ya 1NZ utaandika hivi: vichwa vya betri 10, nati ya kumwagia oili 14, plagi 16 (hii ni soketi maalumu ya plagi, si spana ya kawaida), nati za tairi 21. Nissan nyingi za injini za HR zinataka soketi ya plagi ya 14, ndefu na nyembamba. Ile ya kawaida haiingii kwenye shimo. Filta ya oili nayo ina kikombe chake cha kufungulia, na vikombe havifanani. Nenda dukani na filta mpya mkononi, ukijaribishe pale pale kaunta.

Ukurasa huo mmoja ndio orodha yako ya manunuzi.

Hatua ya pili: fungu la kwanza

Anza na racheti (mpini wenye meno ndani unaozungusha soketi) ya 3/8 ya inchi, yaani upana wa kiungo chake cha mraba, na soketi za saizi ulizoandika, fupi na ndefu, pamoja na mikono miwili ya kuongezea urefu. Chagua soketi za pembe sita, uziache za pembe kumi na mbili. Ya pembe sita hushika nati kwenye ubavu wake, ya kumi na mbili hushika karibu na kona, na nati zetu huwa zimeshalika kwa kutu, kwa hivyo kona ndiyo inayotangulia kuondoka. Hesabu na meno ya racheti ikiwa yameandikwa: yenye meno 72 inashika upya kila nyuzi 5, yenye meno 24 inahitaji nyuzi 15. Nyuma ya injini ya Demio, ambako mkono wenyewe unapita kwa shida, utaiona tofauti hiyo.

Dukani usitosheke na maneno "Chrome Vanadium" (jina la chuma kigumu cha vifaa) yaliyopigwa chapa, maana chapa mtu yeyote anaweza kuipiga. Itazame soketi kwa ndani: kuta ziwe na unene sawa pande zote. Omba nati mpya, uiingize soketi, uitikise. Ikicheza sana, irudishe. Pitisha kidole kwenye kromu, na ukihisi imeanza kuinuka pembeni, hapo ndipo chumvi itakapoingilia. Spana za mtumba za Kijapani au za Kijerumani, hata zikiwa zimechakaa rangi, mimi nazipendelea kuliko mpya za bei ya kutupa, mradi midomo yake haijapanuka.

Spana nunua zile zenye ringi upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili. Ringi ndiyo ya kulegezea na kukazia. Mdomo wazi ni wa kuzungushia nati ikishalegea. Saizi ya 10 na ya 12 nunua mbili mbili, kwa sababu mara nyingi utashika bolti upande huu na nati upande ule. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, iwepo, lakini isiguse nati iliyokaza.

Bisibisi zinahitaji maneno kidogo. Skrubu za msalaba kwenye magari ya Kijapani nyingi ni za kiwango chao, JIS, na mara nyingine utaona nukta ndogo kwenye kichwa. Bisibisi ya nyota ya kawaida ina ncha isiyofika chini kabisa ya msalaba ule, kwa hivyo inapanda juu, inateleza na kuula. Watu huilaumu skrubu bure. Kampuni ya Vessel ya Japani inatengeneza bisibisi za JIS, na ukipata namba 2 moja tu umeshaokoa skrubu nyingi.

Vilivyobaki havina maneno mengi: pilaisi ya kawaida na ya mdomo mrefu, nyundo ya ratili mbili, brashi ya waya, funguo za pembe sita (alen kii), geji ya upepo wa tairi, tochi ya kuvaa kichwani, multimita (ya kupimia umeme) ya bei ya kawaida, na beseni la kumwagia oili.

Hatua ya tatu: jeki na stendi

Hapa nawaomba msifanye uchumi. Jeki ni ya kuinua, stendi ndiyo ya kubeba. Usiingie chini ya gari, wala usiingize hata mkono chini ya diski, gari likiwa juu ya jeki peke yake. Jeki ya haidroliki hushikilia uzito kwa mafuta na sili za mpira, na sili ikipitisha, gari linashuka.

Ua mwingi wa Mombasa ni mchanga, na mguu wa stendi hutoboa mchanga taratibu bila ya wewe kuona. Weka ubao mnene na mpana chini ya kila stendi na chini ya jeki. Hata kwenye kabro weka ubao, kwa sababu tofali moja linaweza kuzama kuliko jirani yake. Kisha legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, kinga matairi yaliyobaki kwa kabari za mbao mbele na nyuma, vuta hendibreki, ndipo uinue. Stendi ikae pale palipoonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Ukishashusha gari juu yake, lisukume kwa bega kabla ya kuvua tairi. Likitikisika, lishushe, upange upya.

Hatua ya nne: toki renchi

Hii ni spana inayopima nguvu unayokazia. Nunua ya nusu inchi. Nati za tairi za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa Nm 103 (nyutonmita, kipimo cha mkazo), na huo si mkazo wa kusimama juu ya spana kwa miguu miwili kama tunavyoona barabarani. Kukaza kupita kiasi huvuta uzi wa bolti, na kukaza bila ulinganifu huweza kupinda diski ya breki, ukaanza kuhisi usukani unatetemeka ukishika breki. Kaza kwa kuruka, nati hii kisha ya mkabala wake, usifuate mduara.

Toki renchi haifungui nati, inakaza tu. Ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa iliyoandikwa, ili springi yake isikae imebanwa.

Hatua ya tano: kupanga

Wengi hupanga kwa sura: spana na spana, bisibisi na bisibisi. Inapendeza, lakini kila kazi inakutoa droo nne. Mimi napanga kwa kazi. Fungu la kwanza linakaa kwenye buti siku zote: jeki, spana ya nati za tairi, tochi, waya za kuwashia betri, geji ya upepo. La pili ni la sevisi: soketi 10, 12 na 14, kikombe cha filta, soketi ya plagi, racheti, matambara. La tatu ni la breki na miguu ya gari: 12, 14, 17, 19, nyundo, brashi ya waya. La nne ni la umeme: soketi 10 na multimita. Saizi inayorudi kwenye mafungu mawili inanunuliwa mara mbili, na 10 ndiyo itakayokuwa ya kwanza.

Kwa spana, sanduku la chuma silipendi sana. Mpelekee fundi cherehani kipande cha turubai la pamba na spana zenyewe, sio vipimo kwenye karatasi. Azilaze juu ya kitambaa kuanzia 8 hadi 21, apige mshono kati ya kila moja, akuachie ulimi wa kukunjia juu na kamba ya kufungia. Juu ya kila mfuko andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika. Ukiukunjua chini ya gari, mfuko mtupu unakuambia mara moja kwamba spana imebaki ndani ya injini. Usikubali kitambaa cha plastiki, hutoa jasho.

Soketi zikae kwenye reli yake, tena zote ziwe zimetazama juu namba yake isomeke. Na kabla ya kufunga boneti, hesabu.

Hatua ya sita: chumvi

Chumvi inayoletwa na upepo wa bahari huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hivyo chuma kinakuwa kimelowa hata siku isiyo na mvua, na maji ya chumvi huharakisha kutu kuliko maji matamu. Jasho la mkono nalo lina chumvi. Ndiyo maana spana iliyowekwa bila kufutwa huonyesha alama za vidole kwa rangi ya kutu.

Dawa yake ni tabia. Baada ya kazi futa kila kifaa kwa tambara kavu, kisha kwa tambara lenye oili safi ya injini, kidogo tu, kiasi cha kung'aa bila ya kuteleza. Mpini wa bisibisi uuache mkavu. Ukiingia mchanga wa pwani kwenye racheti, ifungue, uioshe kwa mafuta ya taa, uipake grisi nyepesi. Sanduku lisikae sakafuni, hasa mwezi wa Mei mvua zinapozidi. Liweke juu ya rafu ya mbao, mbali na ukuta.

Kilichokwisha kuota kutu kilaze kwenye siki usiku mmoja, ukisugue kwa brashi ya waya, ukisuuze kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua ukali wa siki, ukikaushe juani na kukipaka oili papo hapo. Ukichelewa, kutu inarudi siku hiyo hiyo.

Maswali ya wanachama

Kutoka Nyali: Nyumba yangu iko karibu mno na bahari, hata kufuli za milango zinaoza. Je, vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vinasaidia?

Vinasaidia, ila ndani ya sanduku linalofunga sawasawa. Kwenye sanduku lenye nyufa vinajaa unyevu wa nje kwa muda mfupi, vikawa havina kazi. Vikusanye vingi, na mara kwa mara vikaushe kwenye joto la oveni, lisiwe kali, kisha uvirudishe. Oili kwenye chuma usiiache hata hivyo.

Kutoka Likoni: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama, nina Vitz, na fedha zangu ni za vitu vichache mwezi huu. Nianze na nini?

Marahaba mwanangu. Anza na spana ya 10, geji ya upepo, na spana ndefu ya nati za tairi saizi 21 unayoweza kuzilegezea kwa nguvu zako mwenyewe. Ijaribu nyumbani mchana, sio usiku kando ya barabara. Kwa hiyo spana ya 10 utaweza kuvua betri: toa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, inapiga shoti kubwa mkononi mwako.

Kutoka Kisauni: Fundi wa mtaani kwetu huvalisha paipu kwenye racheti nati ikigoma. Ni sawa?

Kwenye racheti hapana, meno yake ya ndani yatavunjika. Tumia mpini mrefu usio na meno, wa nusu inchi, na soketi ya pembe sita. Kabla ya nguvu, brashi uzi unaoonekana, mwagia mafuta ya kupenya kutu, uache mpaka kesho, ugonge kichwa cha bolti kwa nyundo, kisha ujaribu kukaza kidogo ndipo ulegeze. Na simama upande ambao spana ikichomoka ngumi yako haitafikia chuma.

Kutoka Changamwe: Majirani huazima, na kumnyima jirani siwezi. Vifaa havirudi vyote. Nifanyeje?

Usimnyime. Zungushia kila kifaa mstari wa rangi moja, rangi ambayo mtaani hakuna mwenye nayo, na umpe fungu zima la kazi yake badala ya kipande kimoja. Likirudi, likunjue mbele yake mkiwa mnapiga soga. Mfuko mtupu ataujua yeye kabla yako. Toki renchi peke yake ndiyo siazimi. Ikianguka mara moja kipimo chake hakiaminiki tena, na naye hatajua.

Kutoka Mikindani: Nimerithi Land Rover ya zamani ya babu. Hizi spana za milimita zitanifaa?

Chache tu. Nyingi ya bolti zake ni za inchi. Spana ya 19 inaingia vizuri kwenye nati ya 3/4, kwani 3/4 ya inchi ni milimita 19.05, na soketi ya 8 inashika 5/16, ambayo ni 7.94. Lakini usitumie 13 kwenye nati ya nusu inchi: hiyo ni 12.7, na nafasi ndogo ile inatosha kula pembe za nati yenye kutu. Ya 11 nayo haiingii kwenye 7/16, ambayo ni 11.11. Gari lililopita mikono mingi huwa limechanganywa bolti, kwa hivyo pima kila kichwa kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana) kabla ya kuchagua. Spana za inchi zipake rangi ya pili, zishonewe turubai lake peke yake.