Kabla ya Kupanda Amani: Mambo ya Kuzingatia

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, si mahali pa kufika asubuhi na kugeuza mchana. Huku hakuna simba wala tembo. Utajiri wake ni viumbe wadogo waliotulia kimya: vinyonga, vyura, vipepeo, na ndege ambao wengine hawapatikani nje ya milima hii. Ndiyo maana cha kwanza kuandaa ni muda. Lala walau usiku mmoja, maana giza likiingia ndipo vinyonga huonekana kirahisi. Wanalala kwenye ncha za vitawi, rangi imewapauka, na mwanga wa tochi unawatoa wazi katikati ya majani meusi. Kwa hiyo tochi yenye betri mpya ni ya lazima, na mwongozaji pia.

Kuhusu mwongozaji nasisitiza. Bila yeye utapita hatua mbili tu kutoka kwenye ua la Saintpaulia na usilione. Ni kimmea kifupi, majani yake yana manyoya laini, kimeng'ang'ania mwamba wenye ukungu wa kijani kivulini. Leo ndugu zake wamejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya, lakini asili yao ni milima ya huku kwetu. Tafadhali usiling'oe, hata jani moja.

Angalia kalenda. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara ya kupanda kutoka Muheza huwa tope na utelezi. Vuli nayo ina mvua zake. Juni hadi Septemba, au Januari na Februari, ni afadhali. Hata hivyo koti la mvua libaki kwenye begi mwaka mzima.

Mavazi yafuate mwinuko. Sigi, lango la hifadhi lililoko bondeni kando ya mto Zigi unaowapatia maji watu wa jiji la Tanga, kuna joto. Ukipanda hadi Amani kwenyewe, karibu mita 900 juu ya bahari, jioni utatafuta sweta. Vaa viatu vyenye soli ya meno na suruali ndefu, uchomeke miguu ya suruali ndani ya soksi, kwa sababu siafu wakivuka njia hawaulizi mgeni ametoka wapi. Kinga ya mbu usiiache: Muheza ni eneo la malaria tangu enzi.

Siku ya pili ipe bustani ya mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Waliotesha miti kutoka mabara mengi, ukiwemo mkwinini, mti wa dawa ya malaria. Mti mmoja wa kuletwa, msizi, sasa umesambaa hadi ndani ya msitu wa asili. Mwombe mwongozaji akuonyeshe, uone jinsi ulivyotawala mahali palipokatwa miti.

Kuhusu malipo, hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa pungufu kuliko wageni, hivyo beba kitambulisho. Ada za Serikali hulipwa kwa namba ya malipo, basi weka pesa za kulipia kwenye simu ukiwa bado Muheza. Pesa taslimu, hasa noti ndogo, zitakufaa kwa chakula na kwa kununua viungo vijijini.