Mzigo mdogo kutoka China: kuchagua msafirishaji kabla hujalipa

Muuzaji wa Shenzhen akikuambia "usafiri ni dola 11 kwa kilo", bado hajakutajia bei. Hujui kilo zipi zitahesabiwa, ushuru utalipwa na nani, wala nyaraka za forodha zitatoka kwa jina la nani. Hatua zinazofuata zinamhusu mwenye duka au fundi anayeleta Tanzania mzigo wa kilo 1 hadi 50. Aliyeko Kenya anaweza kuzifuata vilevile, ila abadilishe viwango vya kodi na majina ya taasisi.

Hatua ya 1: Pata vipimo vya katoni

Usiulize bei yoyote kabla hujawa na namba nne: urefu, upana na kimo cha katoni ikiwa imeshafungwa, pamoja na uzito wake kwenye mizani. Muuzaji akikupa uzito wa bidhaa peke yake, mrudishe akapime upya. Omba picha ya katoni juu ya mizani na nyingine ikiwa na futi kamba.

DHL Express, FedEx na UPS kwa kawaida hupiga hesabu hivi: urefu × upana × kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 5,000. Jibu ni uzito wa ujazo. Ukizidi uzito wa mizani, huo ndio utakaolipia. Kago ya kawaida ya ndege hugawanya kwa 6,000, na kago ya meli huhesabu mita za ujazo, yaani CBM.

Chukua katoni ya skrini 100 za simu, sm 50 × 40 × 30, yenye kilo 7 kwenye mizani. Ukigawanya kwa 5,000 unapata kilo 12. Ukigawanya kwa 6,000 unapata kilo 10. Kwa meli ni CBM 0.06, kiasi kidogo mno, na kago nyingi za meli zina kiwango cha chini cha kutoza, kwa hiyo uliza kwanza.

Sasa tuseme mfungaji ameshindilia mpaka katoni imevimba. Mashine ya kupimia husoma pale palipotokeza zaidi: 52 × 42 × 33. Hiyo ni kilo 14.41, inayopandishwa hadi 14.5. Sentimita mbili tatu za uvimbe zimekuongezea kilo 2.5 za kulipia, na skrini hazijaongezeka hata moja. Mwambie muuzaji atumie katoni ngumu ya tabaka tano, asiijaze kupita kiasi, na akupe vipimo vya sehemu iliyotokeza.

Bidhaa nyepesi ndizo zinazoumiza hapa. Viatu vitolewe kwenye maboksi yake na vibandikwe lebo ya saizi. Nguo na mablanketi vifungwe kwenye mifuko ya kunyonywa hewa. Lakini skrini na vioo usiviguse kwa nia ya kubana nafasi: visimame wima, na viwe na angalau sm 5 za sponji kila upande.

Hatua ya 2: Chunguza kama kuna betri

Hapa ndipo mizigo mingi midogo hukwama, kwa sababu muuzaji husema "hamna shida" ilimradi auze.

Betri ya lithiamu-ioni, yaani ya kuchaji, inayosafiri peke yake hupewa namba ya kimataifa ya bidhaa hatari UN3480. Ikiwa ndani ya kifaa, au imefungwa pamoja na kifaa chake, ni UN3481. Pawabenki huhesabiwa kama betri peke yake, hata ikiwa na taa na skrini yake. Kwa ndege, kundi la UN3480 ndilo lenye masharti makali zaidi: betri ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30, na tangu 2022 ule mlango mwepesi wa kupitisha betri chache bila taratibu kamili umefungwa.

Jua pia nguvu ya betri kwa Wh, yaani wati-saa. Zidisha mAh kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni Wh 74. Ikizidi Wh 100, masharti yanapanda tena.

Mwombe muuzaji muhtasari wa majaribio ya UN38.3, yaani majaribio ya usalama wa betri safarini. Tangu Januari 2020, watengenezaji na wasambazaji wa betri wanatakiwa kuutoa. Anayezunguka bila kuuleta, ama hana, ama betri zake hazikupimwa.

Usikubali hata kidogo betri zifichwe katikati ya skrini. Katoni hupigwa eksirei kabla ya kupanda ndege, na ikinaswa, inazuiwa yote: betri 10 zinafunga skrini 90. Tenganisha mzigo. Skrini ziende kwa vifurushi vya haraka, betri ziende kwa msafirishaji anayekubali kwa maandishi kubeba betri, au zije kwa meli. Spika zenye sumaku kubwa, gundi, manukato na rangi za kucha zina vikwazo vyake pia, kwa hiyo zitaje mapema.

Hatua ya 3: Pitia njia zilizopo

Vifurushi vya haraka vya mlango kwa mlango: kwa kawaida siku 4 hadi 7 za kazi kutoka China hadi Dar es Salaam, na ufuatiliaji ni mzuri. Vinafaa sampuli, vipuri vya thamani na mzigo wa mteja anayesubiri.

EMS, yaani posta: hubeba hadi kilo 30 kwa kifurushi. Namba yake ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka, kwa mfano inaanza na E na kuishia CN. Ukipewa "namba ya EMS" isiyo na umbo hilo, uliza tena. Ni polepole zaidi, na mara nyingi utaufuata mzigo mwenyewe.

Kago ya kukusanya: unapeleka mzigo kwenye ghala lao Guangzhou au Yiwu, wanauchanganya na ya wengine, unauchukua Kariakoo. Kwa ndege tarajia wiki moja hadi tatu, kwa meli mwezi na nusu au zaidi. Bila alama ya mzigo, yaani jina lako, namba ya simu na msimbo wa mteja juu ya kila katoni, mzigo wako ghalani ni yatima.

Kwa njia zote tatu, angalia kalenda ya China. Mwaka Mpya wa Kichina (17 Februari 2026, 6 Februari 2027) hufunga viwanda kwa wiki mbili au zaidi, na wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa. Maghala hufurika kabla ya tarehe hizo, na bei hupanda.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kodi kabla ya kulinganisha bei

Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Tafuta msimbo wa HS wa bidhaa yako, yaani namba inayoitambulisha forodhani. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, kwa hiyo muuzaji anaweza kukupa. Wakala wa forodha atakamilisha hadi nane za Afrika Mashariki. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35, na bidhaa chache nyeti zina viwango vya juu zaidi. VAT ya Tanzania Bara kwa kawaida ni asilimia 18, Kenya 16, nayo hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Kuna tozo nyingine ndogo, kama ya maendeleo ya reli; mwambie wakala akuorodheshee zilizopo mwezi huo.

Mfano: thamani ya forodha dola 1,000, ushuru asilimia 10. Ushuru ni dola 100. VAT ni asilimia 18 ya 1,100, yaani dola 198. Jumla dola 298, kabla ya tozo ndogo.

Sasa weka ofa mbili mezani (bei hizi ni za mfano). Ya kwanza ni ya kifurushi cha haraka: dola 11 × kilo 12 = 132, ongeza nyongeza ya mafuta ya asilimia 25, unapata 165. Ukijumlisha kodi inafika 463. Ya pili ni ya kago: dola 14 × kilo 10 = 140, "kila kitu ndani, hadi ushuru".

Ya pili inavutia. Lakini itazame vizuri: kodi halali ya mzigo huo ni dola 298. Dola 140 zitalipaje nauli ya ndege na kodi ya 298? Hazitoshi. Kuna mahali thamani imepunguzwa au bidhaa imeitwa jina jingine. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu mzigo wenye maelezo ya uongo kutaifishwa, na mzigo utakaotaifishwa ni wako. Tena, tamko la forodha halitakuwa na TIN yako. Afisa wa TRA akiingia dukani na kuuliza bidhaa ziliingiaje nchini, utaonyesha risiti ya kago tu. Na kama umesajiliwa VAT, zile dola 198 ungezidai kama kodi ya manunuzi. Bila nyaraka kwa jina lako umezipoteza.

Hii haina maana kwamba kago zote ni za hivyo. Zipo zinazotoa mzigo kwa TIN ya mteja na kumkabidhi tamko na risiti za malipo. Waulize swali hilo moja kwa moja, na omba jibu kwa maandishi: "Tamko la forodha litatoka kwa jina la nani?"

Hatua ya 5: Omba bei kwa maswali yaleyale kwa kila kampuni

Tuma vipimo vilevile kwa kampuni tatu siku moja, na uulize:

- Mnagawanya kwa 5,000 au 6,000, na mnapandisha kwa nusu kilo au kilo nzima?
- Nyongeza ya mafuta ni kiasi gani wiki hii, na je, anwani yangu inahesabiwa kuwa ya mbali?
- Mkinilipia ushuru kwanza, mnatoza ada gani kwa huduma hiyo?
- Naruhusiwa kutumia wakala wangu wa forodha?
- Mzigo ukikaa uwanjani, hifadhi inaanza kuhesabiwa siku ya ngapi?

Mtu wa Mwanza au Mbeya asiache kuuliza la anwani ya mbali. Wakati mwingine ni nafuu kupokelea Dar es Salaam na kupandisha mzigo kwenye basi.

Angalia pia masharti ya bei ya muuzaji. EXW maana yake unalipa kuanzia mlangoni kwa kiwanda. DAP maana yake nauli imo, ushuru ni wako. DDP maana yake muuzaji anabeba hadi ushuru, na hapo rudi kwenye hesabu ya hatua ya 4.

Muuzaji mara nyingi ana bei nafuu kuliko yako, kwa sababu hupitia mawakala wenye akaunti kubwa. Inafaa kuitumia, ila elewa kwamba mzigo ukipotea, mwenye mkataba na msafirishaji ni aliyetuma. Wewe utapigiwa simu na kupewa pole. Kwa mzigo wa thamani, fungua akaunti yako ya kupokelea, umpe muuzaji namba, nawe ulipie huku.

Hatua ya 6: Rekebisha ankara kabla boksi halijaondoka

Omba rasimu ya ankara na uikague. Jina liwe lilelile lililo kwenye TIN, herufi kwa herufi. Simu iwe inayopatikana na ianze na +255. Dereva hutegemea simu kuliko msimbo wa posta. Maelezo yasiwe "vifaa" au "sampuli". Andika "skrini za simu bila betri, vipande 100, dola 10 kila kimoja, jumla dola 1,000", na msimbo wa HS pembeni. Neno "zawadi" kwenye vipande 100 vinavyofanana humwita afisa afungue boksi.

Thamani iwe ile uliyolipa. Weka karibu uthibitisho wa malipo ya benki, kwa sababu forodha wakitilia shaka ankara, hicho ndicho watakachoomba. Na usisahau vibali: vifaa vya mawasiliano ya redio huangaliwa na TCRA, dawa na vifaa tiba TMDA, na bidhaa nyingi zina viwango vya TBS. Kibali kinachotafutwa mzigo ukiwa tayari uwanjani hulipiwa kwa siku za hifadhi.

Hatua ya 7: Bima na kupokea

Bila bima, fidia ya mzigo wa ndege huwa na kikomo kwa kilo. Chini ya Mkataba wa Montreal, tangu 28 Desemba 2024 kikomo ni SDR 26 kwa kilo (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), takriban dola 35. Kilo 2 za saketi zenye thamani ya dola 800 zinaweza kukurudishia kama dola 70. Linganisha na bei ya bima kisha uamue; skrini za bei rahisi zenye uzito mkubwa huenda zisihitaji.

Boksi likifika, lipige picha pande zote sita kabla ya kusaini. Likiwa limebonyea, andika "limeharibika" kwenye karatasi ya dereva au kwenye simu yake, ndipo usaini. Rekodi video ukilifungua, lebo ikionekana mwanzo hadi mwisho. Mkataba huo unataka malalamiko ya uharibifu yaandikwe ndani ya siku 14 tangu kupokea, na baadhi ya kampuni zina muda wao wa kudai, kwa hiyo andika siku hiyohiyo.

Halafu lipime tena. Bili ikisema kilo 14.5 na futi kamba yako inasema 50 × 40 × 30, tuma picha zako pamoja na zile za muuzaji za hatua ya 1, na udai marekebisho ya uzito kabla hujalipa bili hiyo.